Manowari na Bomba Tatu: Meli ya Königsberg na Njia za Korogwe na Handeni, 1914-1916

1.0 Utangulizi

Katika maandishi yanayohusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huku Afrika Mashariki, meli ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg inatajwa mara nyingi kuliko meli nyingine yoyote. Waandishi wa Kizungu wameieleza kwa marefu na mapana, na wengi wao hawakosi kugusia kwamba wenyeji waliiita "manowari na bomba tatu". Jina hilo hutajwa kama pambo la hadithi, kisha mwandishi huendelea na mambo yake ya majemadari na mizinga. Makala hii inalirudia jina hilo na kuliuliza maswali mawili. La kwanza ni la kiisimu: je, umbo la jina hilo kama lilivyohifadhiwa vitabuni ni umbo la Kiswahili kilichosemwa na watu wa pwani? La pili ni la kihistoria: je, jina lililotokana na kuitazama meli kutoka ufukweni linatosha kuieleza meli ambayo nusu ya vita vyake ilipiganwa nchi kavu, mabegani mwa watu?

Nchi ya Korogwe na Handeni imechaguliwa kwa makusudi. Handeni haina bahari, wala Korogwe haina bandari zaidi ya vivuko vya Mto Pangani. Hata hivyo, nchi hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri jambo ambalo historia ya kijeshi imelipita haraka mno: kwamba masafa ya manowari ya kuwinda meli za biashara hayakuamuliwa na umbo lake wala na mitambo yake. Yaliamuliwa na makaa, na makaa yalipokosekana, yaliamuliwa na wapagazi.

2.0 Umbo la Jina

Neno "manowari" lina asili ya Kiingereza. Maneno matatu ya lugha hiyo, ambayo kwa pamoja humaanisha meli ya vita, yamemezwa na Kiswahili yakawa neno moja la ngeli ya N, lisilobadilika katika umoja na wingi. Kabla ya neno hilo kuenea, watu wa pwani walisema "merikebu ya mizinga", na msemo huo ulieleza kitu chenyewe bila kuazima chochote kwa Waingereza. Kuenea kwa "manowari" kulifuatana na manowari zenyewe: zile zilizokuwa zikifanya doria dhidi ya biashara ya watumwa katika karne ya kumi na tisa, zile zilizoipiga kasri ya Sultani wa Unguja mwaka 1896, na zile za Kijerumani zilizoisaidia serikali ya Wadachi katika vita vyake vya kuitwaa Mrima. Ni dhahiri basi kwamba mwaka 1914 neno hilo halikuwa geni katika masikio ya watu wa Tanga, Pangani na Bagamoyo.

Neno "bomba" lina historia tofauti. Asili yake ni Kireno, na maana yake ya kwanza ni chombo cha kuvutia maji, kama kile ambacho mabaharia hutumia kutoa maji chomboni. Kutokana na maana hiyo limepanuka hadi kutaja kila kitu kirefu chenye uwazi ndani yake ambamo maji, hewa au moshi hupita. Mabaharia na watu wenye Kiswahili cha ndani walikuwa na neno "dohani", lenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya njia ya moshi. Lakini jina la meli hii halikutumia dohani. Lilitumia bomba, neno la soko na la bandari, linalofahamika na kuli, mvuvi na askari wa kutoka bara. (Katika lugha ya vijana wa miji ya Tanzania neno hilo hilo baadaye lilipata maana ya kitu kizuri au cha kupendeza, na hapo halihusiani tena na moshi wala na maji.)

Swali la ngeli linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo wasomaji wengi hukimbilia kulihukumu jina hili kuwa ni Kiswahili kibovu. Katika Kiswahili Sanifu "bomba" ni nomino ya ngeli ya JI-MA, hivyo ingetarajiwa "mabomba matatu". Lakini katika mazungumzo ya kawaida, pwani na bara, nomino nyingi za mkopo za ngeli hiyo huhesabiwa bila kiambishi cha wingi. Watu husema "gari tatu" na "sanduku mbili", na hakuna anayewashangaa. Kwa hiyo "bomba tatu" ni umbo la kawaida kabisa katika kinywa cha msemaji wa mwaka 1914.

Penye mashaka ni kwenye kiunganishi "na". Mswahili anayetaka kuieleza meli kwa sifa yake atasema "manowari yenye bomba tatu", au kwa ufupi zaidi "manowari ya bomba tatu". Akiwa anatoa habari atasema "manowari ina bomba tatu". Lakini "manowari na bomba tatu", kikichukuliwa kama kirai nomino, humaanisha vitu viwili vilivyowekwa pamoja: kuna manowari, na tena kuna bomba tatu. Maelezo mawili yanawezekana. La kwanza ni kwamba jina hili lilitokana na Kiswahili cha kazi, yaani kile kilichozungumzwa kati ya Wazungu na watumishi wao, ambamo "na" mara nyingi hubeba mzigo wa "-enye". La pili ni kwamba lililosemwa na watu lilikuwa "ya bomba tatu" au "ina bomba tatu", na sikio la mgeni ndilo lililolibadilisha. Kati ya maelezo hayo mawili, la pili lina nguvu zaidi, kwa sababu jina hili limetufikia kupitia vitabu vya Kiingereza na Kijerumani, na waandishi wake hawakuwa na haja ya kutofautisha "ya" na "na". Vyovyote iwavyo, umbo lililomo vitabuni ni umbo lililopita katika mikono ya pili, na mwanafunzi wa historia hana budi kulitumia kwa tahadhari anayoitumia kwa ushahidi wowote wa namna hiyo.

Kuhusu sababu ya kuhesabu mabomba, husemwa kwamba wenyeji waliamini kuwa wingi wa bomba ulikuwa ndio wingi wa nguvu. Maelezo hayo yana harufu ya dharau. Mtu aliyesimama ufukweni haoni unene wa chuma wala upana wa mdomo wa mzinga. Anachoona kwa mbali, kabla ya kitu kingine chochote, ni umbo lililochomoza juu ya upeo wa maji. Maofisa wa majini wa mataifa yote walitambua meli kwa njia hiyo hiyo. Manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa Unguja mwezi Septemba 1914, ilikuwa na bomba mbili. Chatham, iliyokuja baadaye kuitafuta Königsberg, ilikuwa na bomba nne. Kuhesabu bomba kulikuwa elimu, na elimu yenye manufaa.

3.0 Meli Iliyojengwa Kwenda Mbali

Königsberg ilianza kujengwa Kiel mwaka 1905 na kuingia kazini mwezi Aprili 1907. Ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi, mizinga kumi ya sentimita 10.5, mabaharia zaidi ya 300, na mwendo wa zaidi ya maili 23 za baharini kwa saa. Meli tatu nyingine za aina yake ziliitwa Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Serikali ya Ujerumani haikutaka kujenga aina mbili za manowari nyepesi, moja ya kupelelezea mbele ya kundi kubwa la meli katika Bahari ya Kaskazini, na nyingine ya kuzungukia bahari za mbali. Kwa hiyo ilijenga aina moja ya kutumikia mabwana wawili. Zikiwa nyumbani zilikuwa macho ya manowari kubwa. Zikiwa ughaibuni, na vita ikizuka, zilitakiwa kuwa wawindaji wa meli za biashara.

Mantiki ya uwindaji huo ni rahisi kueleweka. Uingereza iliishi kwa bidhaa zilizoletwa na meli. Manowari moja yenye kasi, ikizunguka peke yake katika njia za biashara, ingeweza kukamata meli zisizo na silaha, kuzikimbia manowari zilizo na nguvu kuliko yenyewe, na kuwalazimisha Waingereza watawanye meli nyingi kuitafuta. Hasara ambayo ingeleta isingehesabika kwa meli zilizozama tu. Ingehesabika pia kwa meli zilizoogopa kuondoka bandarini.

Mpango huo ulikuwa na tundu moja. Königsberg, ikienda taratibu kwa maili 12 kwa saa, ingeweza kusafiri zaidi ya maili 5,000 za baharini bila kuongeza makaa. Huo ni mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Bombay na kurudi. Lakini mwindaji haendi taratibu siku zote. Anapofukuza au kufukuzwa, tanuru humeza makaa kwa kasi kubwa mno, na masafa yaliyoandikwa kwenye karatasi hupungua vibaya. Katika pwani yote ya magharibi ya Bahari ya Hindi, Wajerumani walikuwa na bandari zao wenyewe katika koloni hili moja tu, na bandari hizo zilikuwa wazi kwa mizinga ya Waingereza.

Nahodha Max Looff aliifikisha meli hiyo Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914, na tarehe 31 Julai akaiondoa bandarini kabla Waingereza hawajaizingira. Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Oman, Königsberg iliikamata meli ya biashara ya Kiingereza City of Winchester, iliyokuwa ikitoka Bara Hindi na shehena ya chai. Hiyo ndiyo meli ya biashara ya kwanza na ya mwisho iliyonaswa na mwindaji huyo. Makaa yaliyokuwamo ndani yake yalikuwa ya Bara Hindi, hafifu, yenye moshi mwingi na joto dogo. Waingereza, kwa upande wao, walinunua makaa yaliyokuwapo katika bandari za Wareno ili Wajerumani wasiyapate. Silaha kubwa kabisa iliyotumika dhidi ya Königsberg katika mwezi ule wa kwanza ilikuwa hati ya malipo.

Linganisho na Emden linafaa hapa. Meli hiyo ilikuwa karibu sawa na Königsberg kwa ukubwa na silaha, nayo katika Bahari hiyo hiyo ya Hindi ilikamata zaidi ya meli ishirini kati ya Septemba na mwanzo wa Novemba 1914, kabla ya kuangamizwa katika Visiwa vya Cocos tarehe 9 Novemba. Emden haikuwa meli bora zaidi. Ilianza kazi yake ikifuatana na meli ya makaa, ikaingia katika Ghuba ya Bengal ambako meli za makaa zilipita kwa wingi, na ikala kutokana na mawindo yake. Königsberg iliingia katika bahari tupu.

Tukio la Unguja la tarehe 20 Septemba 1914, ambapo Königsberg iliizamisha Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake bandarini, na kuua mabaharia zaidi ya 30, limeipa meli hii sifa yake kubwa. Lakini tukio hilo halikuwa uwindaji wa biashara. Lilikuwa pigo la meli ambayo imeshashindwa kazi iliyojengewa. Mara baada yake mtambo ulivunjika, na Looff akaiingiza meli katika delta ya Mto Rufiji, ambako ilizingirwa tangu mwisho wa Oktoba. Vipande vya mtambo uliovunjika vilikokotwa na wapagazi kwa njia ya nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Meli ilipona, lakini haikuwa na makaa ya kuifikisha popote.

4.0 Makaa ya Manza na Reli ya Korogwe

Ili kuiokoa, Ujerumani ilituma meli iliyoitwa Rubens, ikajifanya ni meli ya Kidenmark yenye jina Kronborg. Nahodha wake, Carl Christiansen, alizunguka kaskazini ya Uingereza na kusini ya Afrika akiwa na makaa zaidi ya tani 1,000 kwa ajili ya Königsberg, pamoja na bunduki, risasi, makombora na nguo. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth ilimfukuza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Christiansen aliipandisha meli yake kwenye maji mafupi na kuitia moto sehemu ya juu, na Waingereza wakaondoka wakidhani kwamba imeteketea. Siku zilizofuata Wajerumani walianza kuiopoa shehena.

Hapo ndipo nchi ya Korogwe inapoingia katika historia ya manowari hii. Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga, ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Vitu vilivyookolewa Manza vilihitaji kwenda sehemu mbili: mpakani Kilimanjaro ambako ndiko kulikokuwa na vita, na kusini kwenye Reli ya Kati. Kwenda Moshi kulikuwa rahisi, kwani garimoshi lilipita Korogwe na Mombo likaendelea kupanda. Kwenda kusini kulikuwa jambo jingine kabisa. Reli mbili za koloni hazikuunganishwa. Bahari, ambayo wakati wa amani ndiyo iliyokuwa kiungo kati ya Tanga na Dar es Salaam, sasa ilikuwa ya Waingereza. Kilichobaki ni njia ya miguu kupitia Handeni na mbuga za kuelekea Mto Wami, hadi Kimamba na Morogoro.

Makaa ya Rubens hayakufika Rufiji. Inafaa kulitafakari jambo hili kwa hesabu. Mpagazi wa wakati ule alibeba mzigo usiozidi sana frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Tani 1,000 za makaa zingehitaji mizigo zaidi ya 33,000, kwa safari ya wiki kadhaa, na kila mpagazi akihitaji chakula ambacho nacho kingepaswa kubebwa na mpagazi mwingine. Bunduki na risasi zingeweza kusafiri kwa njia hiyo, na zilisafiri. Makaa ya manowari hayakuweza. Königsberg ilikufa tarehe 11 Julai 1915, baada ya manowari fupi za mtoni Severn na Mersey kuishambulia mara mbili katika juma moja zikiongozwa na ndege. Looff mwenyewe aliamuru izamishwe. Lakini uamuzi huo ulikuwa umeshatolewa miezi mitatu kabla, pale Manza, kwa sababu bandarini hapakufikika na nchi kavu hapakubebeka.

5.0 Toroli la Handeni

Pengo kati ya reli mbili lilikuwa kero kwa jeshi la Lettow-Vorbeck tangu mwanzo wa vita. Jenerali huyo, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920, anaeleza jinsi reli nyembamba ilivyojengwa kutoka Mombo kuelekea Handeni, kwa kutumia vyuma vilivyochukuliwa katika mashamba. Mashamba ya katani ya bonde la Pangani yalikuwa na vireli vya namna hiyo vya kusombea majani hadi kwenye mashine. Viling'olewa huko vikatandikwa upya katika nchi ya Wazigua. Juu yake hapakupita garimoshi; yalipita matoroli yaliyosukumwa na watu.

Neno "toroli" limetulia katika Kiswahili kiasi kwamba msemaji wa leo analihusisha na mjenzi na mchanga wake, au na mchukuzi wa sokoni. Katika miaka ya 1915 na 1916, kwa watu wa Handeni, lilikuwa jina la kazi ya kulazimishwa. Kwenye mteremko toroli hukimbia lenyewe, na kazi ni kulizuia. Kwenye mwinuko husukumwa kwa kifua. Ilipoishia reli hiyo, ndipo yalipoanza mabega. Faida ya toroli, kwa mtazamo wa jeshi, haikuwa huruma kwa mpagazi. Mpagazi hula, na nchi ya Handeni ni nchi inayojulikana kwa uchache wa mvua. Kila mtu aliyeondolewa njiani alikuwa kibaba cha mahindi kilichobaki kwa askari.

Katika pengo hilo hilo ndipo mizinga ya Königsberg ilipopita. Mizinga yote kumi iliopolewa Rufiji, ikakokotwa na mamia ya watu hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu katika karakana za reli, na kugawanywa koloni zima. Mmoja ulikuwa Kahe, kusini ya Moshi, mwezi Machi 1916, na Wajerumani waliulipua kabla ya kurudi nyuma. Mzinga huo ulitoka Dar es Salaam. Kufika kwake kwenye Reli ya Usambara kulihitaji kuvuka pengo lile lile kati ya reli mbili, kwa kuwa njia ya majini ilikuwa imefungwa. Bomba la mzinga peke yake lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Mzigo wa namna hiyo haugawanyiki kichwani mwa watu. Hufungwa kamba na kuvutwa.

Makombora yaligawanyika. Kombora moja la mzinga huo lilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi, yaani frasila moja na ziada kidogo, bila kuhesabu kasha la baruti. Ndani ya meli mzinga mmoja uliweza kupiga mapigo kumi na zaidi kwa dakika. Hesabu yake nchi kavu ni ya kutisha: dakika moja ya mzinga mmoja ilikuwa mizigo ya wapagazi kumi, kila mmoja na kombora lake na kasha lake, kwa siku nyingi za safari. Ndiyo sababu mizinga hiyo nchi kavu ilipiga kwa uchache, kama bahili anayehesabu sarafu.

Katikati ya Juni 1916 jeshi la Jenerali Smuts, likifuata Mto Pangani, liliingia Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Daktari Francis Brett Young, aliyefuatana na jeshi hilo na kuchapisha kitabu chake Marching on Tanga mwaka 1917, ni mmoja wa mashahidi wazuri wa msafara huo, ingawa yeye na wenzake waligeukia Handeni na Tanga hawakuifikia. Baada ya mapigano ya Mto Lukigura tarehe 24 Juni, jeshi lilipiga kambi penye kijito cha Msiha, kusini zaidi, likiwa limechoshwa na homa na njaa. Hapo mizinga ya manowari, ikiwa imefichwa upande wa milima, iliipiga kambi hiyo kwa wiki kadhaa, na bunduki za Waingereza hazikuweza kuifikia. Wanajeshi waliipa kambi jina la Kiingereza lenye maana ya Kambi ya Makombora. Meli iliyojengwa kuwinda shehena za chai katika Bahari ya Hindi ilikuwa sasa ikiwinda hema za wagonjwa na zizi za farasi, mbali na maji ya chumvi.

6.0 Mzinga na Mpagazi katika Msamiati

Neno "mzinga" linadai nafasi yake hapa. Maana yake ya asili ni gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Kutokana na umbo hilo, yaani gogo refu lenye uwazi, watu wa pwani waliipa silaha ya Wareno na Waarabu jina hilo hilo, nayo ikabaki katika ngeli ya M-MI pamoja na mti na mgomba. Neno lilikuwa limeshazoeleka pwani kwa maana zote mbili kwa muda mrefu. Lakini Handeni ni nchi ya asali, na mizinga ya nyuki ilikuwa imetundikwa katika miyombo ya njia ile ile ambayo mizinga ya chuma ilivutwa. Wapagazi walipita chini ya neno moja wakiburuta neno hilo hilo.

Tofauti na bomba, mzinga ni neno lisilohitaji mtazamaji wa ufukweni. Bomba zilikufa na meli. Zilibaki katika tope la Rufiji, ambako chuma chake kilichukuliwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Mizinga ndiyo iliyoendelea na safari, na mwenye kuijua mizinga hiyo kwa uzito wake hakuwa mtu wa Unguja aliyeihesabu meli kwa macho. Jina "manowari na bomba tatu" limehifadhi ujuzi wa mtazamaji. Ujuzi wa mbebaji haukupewa jina la kuvutia, na waandishi wa vita hawakuliulizia.

Umehifadhiwa hata hivyo, katika maneno ambayo hayaonekani kuwa ya vita. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lililotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili, na kubakia mahali ilipokuwa kambi yao. Nairobi nayo ina jina lake la namna hiyo. Upande wa Wajerumani, ambao ndio uliovuta mizinga ya Königsberg, haukuacha jina la mtaa, kwa sababu haukuwa na kambi ya kudumu, uliacha njia. Waliokufa kati ya wapagazi wa pande zote mbili huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa ya mapafu. Mabaharia wote wa Königsberg hawakufika hata mia nne.

Pengo lililowagharimu lilizibwa mwaka 1963, pale reli ya kutoka Ruvu ilipounganishwa na Reli ya Tanga huko Mnyusi, wilayani Korogwe. Mizinga mitatu ya meli hiyo imebaki: mmoja Pretoria, mmoja Jinja, na mmoja Mombasa kwenye Ngome ya Yesu, ambako umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus, manowari ya bomba mbili.